Chombo Nilichokiita Ayubu

Tunduma, Jumatatu, Julai 2012

Leo upepo umeamka kabla yetu. Vumbi la barabara kuu limeingia hadi kwenye vitufe vya kompyuta, na hii baridi ya mwezi wa saba imenifanya nivae koti humu ndani ya duka kama mgonjwa aliyetoka wodini. Simu nimeizima tangu asubuhi. Nimechoka kupigiwa na watu kuhusu nyota.

Nimechoka, kwa kweli. Si mwili peke yake.

Kama umepita kwenye blogu hii kwa bahati tu na hunijui, mimi ni mtafsiri wa filamu. Nakaa kwenye chumba cha nyuma cha duka la sidii, navaa hedifoni, naiwasha filamu ya Kichina au ya Kizungu, na kuanzia mwanzo hadi mwisho naongea Kiswahili juu yake. Hakuna karatasi wala mazoezi. Bosi anachoma nakala, nakala zinapanda mabasi na malori, na sauti yangu inafika mahali ambapo miguu yangu haijawahi kufika.

Nilijifunza kazi kwenye banda la video, enzi zile mtafsiri anasimama pembeni ya runinga na kipaza sauti, watazamaji wako mbele yake kwenye mabenchi. Pale ukidanganya unajulishwa papo hapo. Mtu wa benchi la nyuma anakurekebisha kwa matusi, wenzake wanacheka, nawe unacheka, filamu inaendelea. Banda lilikuwa mwalimu mkali lakini wa haki.

Filamu hii ya nyota haikuwa ya banda. Dereva mmoja aliileta kutoka kusini pamoja na nguo za mitumba, na kwenye jalada imeandikwa kwa Kiingereza kwamba ni ya kutazamwa nyumbani tu. Bosi hajawahi kutii neno lolote lililoandikwa kwenye jalada, ila safari hii alikubaliana nalo. Alisema ukiiweka hii bandani watu watavunja mabenchi. Hii ni ya sebuleni, ya mtu na watoto wake.

Inahusu chombo kidogo kilichorushwa angani zamani. Kinapita sayari moja baada ya nyingine, kinapiga picha, kinazituma nyumbani, mpaka kinaivuka ile ya mwisho na bado kinakwenda. Saa nzima na ushee, na hakuna aliyepigwa hata kofi.

Sasa hapo mtafsiri unafanyaje? Mteja wetu akiweka sidii kwenye deki, swali lake la kwanza ni moja: stelingi ni nani? Na kila stelingi lazima apewe jina la hapa kwetu, maana mtu hawezi kumshangilia mtu ambaye jina lake linamvunja ulimi. Nilikuwa nimeshaanza kurekodi. Chombo kikapaa na moshi wake, na mdomo wangu, bila kuniuliza, ukasema: "Huyo ndiye Ayubu, wapenzi watazamaji. Mwangalieni Ayubu anavyoondoka."

Ayubu ni kaka yangu.

Alivuka mpaka kwenda kutafuta maisha wakati bintiye Neema hajaota jino. Neema sasa yuko darasa la nne. Alipiga simu kutoka Lusaka, akapiga tena kutoka mbali zaidi, kusini huko, sauti ikawa inakatikakatika, kisha hakupiga tena. Tumeuliza madereva, tumeuliza makanisani, tumeuliza kila aliyerudi na kila aliyerudishwa. Yeye ndiye mtafsiri wa kwanza niliyemsikia maishani. Tulipokuwa wadogo tulivuka hadi Nakonde, upande wa Zambia, kutazama televisheni dirishani kwa ndugu wa mama, naye ndiye aliyekuwa anatuambia wazungu wanasema nini. Baadaye nilipojua Kiingereza niligundua nusu alikuwa anatunga. Labda ndiyo maana jina lilitoka.

Basi sidii ikatoka, na namba yangu ya simu kwenye jalada kama kawaida yetu. Nikaanza kuvuna.

Wa kwanza alikuwa mfugaji Msukuma kutoka bondeni Kamsamba. Alinipigia alfajiri, akanisalimu "Mwangaluka" kwa sauti ya mtu ambaye ameshakamua ng'ombe. Alisema wameitazama kwa jenereta, yeye na wake zake na wageni, na ana swali moja. Kwa nini sikukitaja Kilimia? Nyota zote zile, na zile zinazowaambia watu wakati wa kulima sikuzitaja. Nikamwambia chombo hakikupita huko. Akasema basi waliokituma hawakuwa wakulima.

Mama mmoja wa Nakonde akanipigia kulalamika. "Mulishani, ba DJ," akaanza kwa adabu, kisha adabu ikaisha. Aliinunulia familia yake filamu akidhani ni ya vita vya angani, amekaa na kuku wake wa kukaanga mpaka kuku kapoa, hakuna vita. Mzee wa Ndolezi naye akaniuliza mbona wazungu wanahangaika kupiga picha mawe ya mbali, wakati Kimondo chetu kimelala hapo Mbozi na wamekiona. Kilichodondoka chenyewe wala hakikuombwa, alisema, hakina wa kukitengenezea filamu. Mwalimu wa Vwawa alinisahihisha majina ya sayari, moja moja, kwa upole ule wa walimu ambao ni mbaya kuliko fimbo.

Aliyenichosha kuliko wote ni kijana wa Saza, mchimbaji wa dhahabu. Mara ya kwanza aliuliza kama kwenye zile sayari kuna mawe yenye mali. Kisha akasahau mali, akamshika Ayubu. Wameitazama kambini, anasema, wote wachimbaji, na sasa kila akipata mtandao ananipigia kuulizia sehemu ya pili. "Kaka, pati tuu lini? Ayubu anarudi lini?"

Nilikuwa nacheka. Kama wiki mbili nilicheka, nikawa nasimulia dukani.

Sasa nieleze kosa, maana bila hilo sitalala.

Mwisho wa filamu ile kuna mzee wa Kizungu, mmoja wa waliokitengeneza kile chombo. Anavua miwani. Anasema chombo hakikutengenezwa kurudi. Kitaendelea kwenda, sauti yake itazidi kufifia, na itafika siku watakitegea sikio na hawatasikia kitu. Kiingereza changu ni cha mpakani, lakini maneno hayo niliyaelewa vizuri sana.

Lakini katika kazi yetu stelingi hafi, wala hapotei. Na mtafsiri hanyamazi. Mzee akikaa kimya ananyamaza yeye, mimi lazima nijaze. Nikajaza hivi: "Msihofu, wapenzi watazamaji. Ayubu yuko njiani. Anamaliza kazi iliyompeleka, anageuza, anarudi nyumbani kwa mama yake."

Nikazima kipaza sauti, nikaenda kula.

Inabidi ujue tabia moja ya watafsiri. Katikati ya filamu tunatuma salamu. Polisi wanamkimbiza jambazi, mimi namsalimu fundi baiskeli wa mtaa wa Mwaka. Na mama yangu, ambaye anakaa mtaa wa Sogea na hajui neno la Kiingereza, anatazama kila sidii yangu kwa sababu hiyo. Humo ndani namwambia mambo yangu. "Mama, Jumapili nakuja, usiupike ugali ukawa mgumu." "Mama, kile kikohozi kimepona." Wengine wanaandikiana meseji. Mama hapendi simu, anasema simu inamharakisha. Mimi na yeye tunaongea kwa filamu, na haijawahi kutokea nikamwambia humo jambo lisilo kweli.

Shida yenyewe inamhusu shemeji yangu, mke wa Ayubu. Tangu kaka aondoke anaishi na mama. Analima na mama, anauza nyanya sokoni, analea Neema, anamkanda mama magoti. Mwaka huu mkulima mmoja wa kahawa kutoka Hasamba, aliyefiwa na mke, mtu mtaratibu mwenye watoto wadogo, ametuma mshenga. Shemeji hakuficha. Alikuja kwa baba mdogo, anayesimamia ukoo tangu baba yetu afariki, akapiga magoti, akasema maneno ambayo bado nayakumbuka: "Sitaki kutoka humu kama mwizi. Mama akinifungulia mlango nitakwenda. Asiponifungulia nitakaa."

Mama alikuwa amekubali. Alilia, akakataa, akaenda kanisani, akarudi, akakubali. Kikao kilipangwa Jumapili, yaani jana, ili aliseme mbele ya watu na mshenga apewe jibu.

Jana tumekaa. Baba mdogo, mzee mmoja wa kanisa, mama, shemeji na kitenge chake kipya, na mimi karibu na mlango. Chai ikamiminwa. Baba mdogo akasema kwa heshima zote kwamba tunasubiri neno la mama.

Mama akasema, "Hakuna haja. Ayubu anarudi."

"Nani kasema, shemeji?" baba mdogo akamuuliza mama.

Mama akaninyooshea kidevu. "Huyu hapa. Akitaka kuniambia jambo huniambia kwenye hizo sidii zake. Kamtaja mwenzake kwa jina, kasema yuko njiani, anakuja kwangu. Labda kapata habari anaogopa kuzitangaza. Muulizeni."

Wote wakanigeukia. Mimi, mtu nisiyenyamaza kwa kazi, nilinyamaza.

Ningesema wakati ule. Najua. Lakini uso wa mama ulikuwa na nuru ambayo sijaiona miaka mingi, na sikuweza kuizima mbele ya watu. Baba mdogo akakohoa, akaahirisha. Mshenga anarudi Jumamosi kwa mara ya mwisho. Yule bwana ana watoto wadogo, na mavuno ya kahawa yamemwelemea. Asipopata jibu ataangalia kwingine, na nani atamlaumu?

Nilipotoka shemeji alinisindikiza hadi kwenye uzio. Hakunigombeza, na ndilo lililoniuma.

"Sina hasira na wewe, shemeji," alisema. "Ila ile sidii nilikuwa namwashia mimi. Kila akiniomba namwashia. Nilifikiri namtuliza kidogo, kumbe najifungia mlango mwenyewe."

Ndiyo maana leo simu imezimwa.

Mchana huu nilikwenda Sogea. Nilichukua sidii yenyewe, ile ya dereva, ambayo haina sauti yangu. Shemeji alikuwa sokoni na Neema shuleni, nilichagua saa hiyo kwa makusudi. Mama alikuwa uani juani akipukuchua mahindi, magunzi yamejaa miguuni. Aliponiona mikono yake ikasimama.

"Umekuja na habari zake."

Hakuwa anauliza. Nikavuta kigoda nikakaa, nikamwambia hapana, mama, sina habari zake. Sina habari zake zozote, na sikuwa nazo siku ile nilipoongea. Nilimwambia nimekuja tutazame ile filamu.

"Nimeshaitazama."

"Hujaitazama, mama. Umenisikiliza mimi tu."

Akajipangusa mikono, tukaingia ndani.

Sijawahi kutafsiri vile. Nilikaa sakafuni karibu na kiti chake, mzungu akisema sentensi namwambia mama sentensi hiyohiyo, bila chumvi wala salamu za fundi baiskeli. Mahali walipokaa kimya nilikaa kimya. Kumbe filamu ile ina ukimya mwingi, na mimi nilikuwa nimeujaza wote. Kuna mahali zinaonekana nyota tu, muda mrefu, na kile chombo ni kidoti. Mama akasogeza kiti mbele. Akasema polepole, "Ni mbali."

"Mbali sana, mama."

Ulipofika mwisho, yule mzee akavua miwani. Nikamwambia mama: anasema chombo hiki hakikutengenezwa kurudi. Nikamalizia yote, ile ya kufifia, na ile ya siku watakayotega sikio wasisikie kitu.

Mama hakulia. Aliuliza kama mtu anayetaka kuelewa mashine.

"Waliokituma walijua tangu mwanzo kwamba hakirudi?"

"Walijua."

"Na huyu mzee, bado anakisikiliza?"

"Anasema watakisikiliza mpaka kitakaponyamaza."

"Na kikinyamaza?"

"Hilo hakusema, mama."

Akatikisa kichwa. Nje kuku walikuwa wameingia kwenye mahindi na hakuna aliyewafukuza. Nikamwambia nimekosa, kwamba lile neno la kurudi nililitoa kwa mazoea ya kazi, na nisamehewe. Akaniwekea mkono kichwani, mkono una unga wa mahindi. Nina umri wa kuitwa baba na watu, na nilitulia chini ya ule mkono.

Kisha akasema, "Mimi nitaendelea kumsikiliza. Mimi ndiye niliyemzaa, hiyo ni kazi yangu mpaka nife. Lakini mtoto wa watu nimemkalisha kunisaidia kusikiliza. Hiyo si haki."

Akasimama kwenda kufukuza kuku. Akiwa mlangoni akageuka. "Mwambie baba yako mdogo asisubiri Jumamosi. Aje kesho. Na Neema atakuwa anakuja likizo, hilo sitaki kubishana na mtu."

Nilimwambia nitarekodi mwisho upya, nirekebishe sidii zote zitakazotoka tena. Akafikiri.

"Rekebisha za wateja. Ile ya kwangu usiiguse."

"Mama, ile ni ya uongo."

"Najua. Nimekusikia. Iache humu ndani."

Sikubishana. Nilikaa nikamsaidia kupukuchua hadi shemeji aliporudi na karai lake kichwani. Mama akamwambia aketi. Mimi nikaaga, kwa sababu kuna maneno ambayo hayahitaji mtafsiri. Nilipofika kwenye uzio nilimsikia shemeji akilia, na mama akimwambia taratibu, kwa lugha yetu ya nyumbani, mambo ambayo sitayaandika hapa.

Sasa niko dukani. Bosi ameondoka mapema, upepo bado unagonga mabati. Kipaza sauti kiko hapa mezani na mimi nimechoka kiasi kwamba hata kukisogeza naona uvivu. Nilidhani nitarudi nikiwa mwepesi. Sijawa mwepesi. Nimempoteza kaka leo kwa namna ambayo sikuwa nimempoteza jana, na shemeji naye anaondoka, na nyumba ya Sogea itabaki na mtu mmoja na deki.

Nitahamia huko, nadhani. Kile chumba cha Ayubu kina dirisha zuri. Kama mama atakubali, maana chumba hicho amekipaka chokaa juzi tu, na tunajua alikuwa anampakia nani.

Kabla ya kuandika mstari huu niliiwasha simu nimpigie baba mdogo. Haikumaliza hata kuwaka vizuri, yule kijana wa Saza akaingia. Nyuma yake nilisikia mashine za kusaga mawe.

"Kaka, tumekutafuta mchana kutwa. Wenzangu hapa wanabishana. Ayubu anarudi au harudi?"

Nilikuwa na majibu mengi ya kibiashara. Mdomo wangu ulishaanza kuyatafuta.

"Harudi," nikasema.

Sijawahi kulitamka neno hilo kwa sauti, tangu aondoke. Halikuwa refu kama nilivyofikiri.

Mashine zikaendelea kusaga. Nilitegemea aseme sasa huyo ni stelingi gani, anirudishie sidii. Badala yake akakaa kimya, nami nikamwacha akae. Kisha akasema, "Pole, kaka," kwa sauti ya chini kabisa, akakata simu.

Sikumwambia kwamba nina kaka. Nimekaa hapa najiuliza alisikia nini.

Kesho asubuhi, malori yakiwa bado hayajawashwa, nitarekodi ule mwisho upya. Nitasema anachosema yule mzee. Na akishavua miwani, nitajaribu kunyamaza.